Jora, Mpandano na Gundi: Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Kuezeka

1. Madhumuni

Aghalabu istilahi huhakikiwa moja moja: neno hutajwa, asili yake huelezwa, kisha hukubaliwa au hukataliwa. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini ina upungufu mmoja mkubwa. Istilahi haiishi peke yake. Huishi ndani ya sentensi, na sentensi humwambia mtu afanye jambo fulani. Kwa sababu hiyo makala haya hayahakiki orodha ya maneno, bali yanahakiki maandishi mafupi ya kazi: karatasi ya maelekezo yenye kurasa 4, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza cha Marekani, inayomfundisha mtu namna ya kuezeka nyumba kwa zile karatasi nene za lami ambazo huuzwa zikiwa zimeviringishwa.

Jina la mwagizaji wa bidhaa na jina la mfasiri hayatatajwa. Kasoro tutakazozieleza si za mtu mmoja. Ni za njia ya kufasiri iliyoenea maofisini na viwandani, yaani njia ya kulichukua neno la Kiingereza, kulitafuta katika kamusi, na kuiandika maana ya kwanza inayoonekana.

Huenda msomaji akauliza kwa nini karatasi ya kuezekea ishughulikiwe kwa uzito huu. Jibu ni kwamba riwaya ikifasiriwa vibaya msomaji huchukia tu, lakini maelekezo ya paa yakifasiriwa vibaya, mwenye nyumba hulowa pamoja na watoto wake, na fedha alizoziweka akiba kwa miaka huoza pamoja na mbao.

2. Kifaa chenyewe na kazi yake

Hatuwezi kupima jina la kitu kabla ya kukijua kitu chenyewe. Kifaa tunachokizungumzia kina moyo wa felti au wa nyuzi za kioo, uliolowekwa katika lami na kupakwa lami nyingine juu yake. Upande wa juu hunyunyiziwa chenga za mawe ili kuikinga lami na jua, maana jua huikausha lami na kuipasua. Huko Marekani, ambako kimeuzwa tangu karne ya 19, upana wake wa kawaida ni inchi 36, yaani kiasi cha sentimeta 91. Hutumika hasa kwa mabanda, vibanda vya magari na nyumba za gharama nafuu zenye paa lisilo na mwinuko mkubwa. Ndugu yake wa siku hizi, ambaye lami yake imechanganywa na plastiki au mpira, alianza kutumika Ulaya katika miaka ya 1960. Huyo ndiye anayejulikana zaidi kwetu, kwa kuwa hubandikwa kwa moto wa gesi juu ya mapaa bapa ya zege.

Kazi ya kuezeka kwa kifaa hiki ina hatua chache. Kwanza hutandikwa mbao zilizobanana, zisizoacha mwanya, juu ya makombamoyo. Pili huwekwa kinga ya bati upenuni. Tatu hukatwa vipande vya kiasi cha futi 12 hadi 18, navyo huachwa vilale hadi vinyooke, kwa sababu kitu kilichokaa kimeviringishwa hung'ang'ania umbo lake. Nne hulazwa kipande cha kwanza upenuni, kisha kinachofuata hukipanda cha kwanza, na hivyo hivyo mpaka kileleni. Mahali vipande vinapopandana hupakwa gundi ya lami na kupigiliwa misumari yenye vichwa vipana.

Kila hatua kati ya hizo ina neno lake, na kila neno likikosewa hatua hukosewa.

3. Jina la kifaa: je, ni "bati laini"?

Mfasiri amekiita kifaa hiki "bati laini". Hatuna budi kukiri kwamba alikuwa na sababu. Kwa watu wengi nchini leo, kuezeka ni kuezeka bati. Neno hilo limekwisha panuka tangu zamani. Bati kwa asili ni jina la madini fulani meupe, ilhali bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki au mchanganyiko wa zinki na aluminiamu. Hakuna aliyedhurika kwa upanuzi huo. Basi, atauliza mfasiri, kuna ubaya gani tukilipanua neno kidogo zaidi?

Ubaya upo, nao hauko katika swali la kifaa kimetengenezwa kwa nini. Uko katika swali la kifaa kinalazwaje. Fundi asikiapo "bati", mikono yake hujua la kufanya kabla ya macho yake kusoma ukurasa wa pili. Atasimamisha kenchi, atapigilia papi kwa kuachanisha, kisha atalaza bati juu ya papi. Bati ni gumu na linaweza kujibeba kati ya papi na papi. Karatasi ya lami haiwezi. Ikilazwa juu ya papi zilizoachana italegea kwa joto la jua, itabonyea katikati, itashika maji ya mvua ya kwanza, na itachanika kwa uzito wa maji hayo. Neno "laini" haliondoi hatari hiyo. Humwambia fundi kwamba hili ni bati jepesi zaidi, wala halimwambii kwamba si bati kabisa.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza. Jina la kifaa linaweza kukosea kuhusu asili ya kifaa na lisilete madhara. Lakini jina lisikosee kuhusu kazi.

Wapo wanaopendekeza "felti". Neno hili linasemwa na baadhi ya mafundi, na Kiswahili hakijawahi kuogopa kukopa. Hata hivyo lina matatizo mawili. Felti ni moyo wa baadhi ya aina za kifaa hiki tu, maana nyingine zina nyuzi za kioo. Tena felti tupu iliyolowekwa lami, isiyo na chenga za mawe, hutandikwa chini ya ezeko kama kinga ya pili. Tukiyaita yote mawili felti, tutakuwa na jina moja kwa kitu cha juu na kitu cha chini. Yafaa "felti" libaki kwa kile cha chini.

Kwa kile cha juu tunapendekeza "jora la lami". Jora ni neno ambalo kila mwuza nguo na kila fundi cherehani analijua: ni kitambaa kizima kilichoviringishwa, ambacho hukatwa kwa kipimo. Humfundisha mtumiaji mambo matatu mara moja: kwamba kitu huja kimeviringishwa, kwamba hukunjuliwa na kukatwa kabla ya kutumiwa, na kwamba, kama kitambaa, hakijibebi bali huhitaji kutandikwa juu ya kitu kizima.

4. Maneno manne yanayoharibu kazi

(a) "Saruji". Maelekezo yanamtaka fundi apake "saruji ya paa" chini ya kila ukingo. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hivyo ni lile lile linalotumika kwa saruji ya kujengea, lakini katika ufundi huu lina maana ya kitu cha kugandishia: lami laini iliyochanganywa na nyuzi na kiyeyushi. Fundi aliyesoma "saruji" atachukua mfuko wa saruji, atauchanganya na mchanga na maji, na kupaka. Udongo huo hautashikana na lami. Paa likipata joto mchana na kupoa usiku, lami hutanuka na kusinyaa, ilhali saruji haifuati mwendo huo, nayo hupasuka. Maji hupenya katika nyufa na kulowesha mbao pasipo kuonekana, mpaka siku dari litakapoonyesha madoa. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika karatasi hii, na linaondoka kwa maneno matatu: "gundi ya lami".

(b) "Lami ya paa". Mahali pengine tunasoma kwamba "lami ya paa" isipungue 2 kwa 12. Msomaji mwangalifu atadhani hii ni kanuni ya kuchanganya: sehemu 2 za lami kwa sehemu 12 za kitu kingine ambacho hakikutajwa. La hasha. Katika Kiingereza neno moja lina maana ya lami na pia maana ya mwinuko wa paa. Kinachosemwa ni kwamba paa lipande angalau inchi 2 kwa kila inchi 12 za mlalo, ikiwa misumari itaachwa wazi; pungufu ya hapo maji yatakawia juu ya paa na kutafuta njia kwenye matundu ya misumari. Kiswahili kina "mwinuko" na "mteremko", nayo yote mawili ni safi. Tunapendekeza "mwinuko wa paa" kwa kipimo, kwa kuwa fundi hupima akitoka chini kwenda juu, na "mteremko" libaki kwa upande wenyewe wa paa ambao maji huteremkia.

(c) "Mraba". Tunaambiwa kwamba jora moja hufunika "mraba mmoja". Mraba gani? Kwa msomaji wa Kiswahili mraba ni umbo, na likiwa kipimo hufikiriwa kuwa ni mita moja ya mraba. Lakini mafundi wa paa wa Marekani wana kipimo chao wenyewe chenye jina hilo: ni futi 100 za mraba, yaani takriban mita 9.3 za mraba. Tumtazame mwalimu anayeezeka nyumba yenye paa la mita 93 za mraba. Kipimo kilichokusudiwa kinamtaka anunue majora kiasi cha 10, na moja au mawili zaidi kwa ajili ya mipandano na vipande vinavyopotea. Kipimo alichoelewa kinamtaka anunue 93. Ama atakopa fedha ambazo hakuzihitaji, ama ataacha kazi akiona haiwezekani. Hapa hatuhitaji istilahi mpya hata kidogo. Tunahitaji mfasiri aandike: "jora moja hufunika takriban mita 9 za mraba". Si kila neno la kigeni lidai neno la Kiswahili. Mengine hudai hesabu.

(d) "Mpishano". Katika ukurasa wa pili mfasiri ameandika kwamba majora yawe na "mpishano" wa inchi 6. Katika ukurasa wa tatu ameandika kwamba viungo vya safu moja "vipishane" na vya safu ya chini yake. Neno ni moja, lakini dhana ni mbili, nazo zinapingana. Ya kwanza ni dhana ya kitu kulala juu ya kingine na kukifunika kwa kiasi fulani. Ya pili ni dhana ya vitu viwili kutokutana mahali pamoja, ili maji yakipenya kwenye kiungo cha juu yasikute kiungo kingine moja kwa moja chini yake. Katika Kiswahili cha kila siku, watu wawili wakipishana njiani, kila mmoja huenda zake. Kwa hiyo neno hilo linaifaa dhana ya pili. Kwa dhana ya kwanza tunapendekeza "mpandano", na kitenzi chake "kupandana". Fundi ataelezwa hivi: "mpandano wa ubavu uwe inchi 6, mpandano wa ncha uwe inchi 6, viungo vya ncha vipishane kati ya safu na safu." Sentensi hiyo haina neno geni hata moja, na haiwezi kusomwa kwa namna mbili.

5. Yaliyofaa, na yenye mjadala

Haki inatutaka tuseme pia yale ambayo mfasiri ameyapata. Ameita "malengelenge" yale mapovu yanayoinuka juu ya jora endapo hewa au unyevu umefungiwa chini yake. Neno ni kamili: kila mtu ameliona lengelenge katika ngozi na anajua kwamba lina maji au hewa ndani yake, na kwamba likitumbuliwa ovyo huacha kidonda.

Ameita "bonde" mahali ambapo miteremko miwili ya paa inakutana kwa ndani. Tafsiri hii ni ya neno kwa neno, na wapo watakaoikataa kwa sababu hiyo tu. Sisi hatuikatai. Bonde ni mahali maji ya pande mbili yanapokusanyika, huku kwetu kama huko kwao, na hivyo "bonde la paa" humweleza fundi mahali penyewe na hatari yake. Tafsiri ya neno kwa neno ina kosa pale tu ambapo mfano wa lugha ya kwanza haupo katika lugha ya pili. Ndiyo maana "tuta la paa", aliloliandika kwa mahali miteremko inapokutana kwa juu, halifai: tuta kwetu ni la viazi au la barabarani, na paa lina "mgongo" wake tangu zamani.

Mbao zilizobanana chini ya jora ameziita "sitaha". Hapa tulisita. Sitaha ni neno la pwani, nalo lina maana ya sakafu ya mbao ya chombo. Mjenzi wa bara huenda halijui. Lakini faida yake ni kubwa. Sitaha haiwezi kuwa na mianya, ama sivyo chombo huingiza maji. Pendekezo la kusema "sakafu ya paa" lina kikwazo, maana Unguja na katika miji mingine ya kale ya pwani sakafu ya paa ni kitu kingine kabisa: ni chokaa na mawe yaliyoshindiliwa juu ya boriti. Kwa hiyo twapendekeza "sitaha ya paa" lidumu, pamoja na ufafanuzi katika matumizi ya kwanza.

Lisiloweza kutetewa ni "mmuliko", lililotumika kwa vipande vya bati vinavyokinga mahali paa linapokutana na ukuta au dohani. Neno la Kiingereza lina sura ya jambo la mwanga, na mfasiri akaifuata sura hiyo. Fundi atatafuta taa. "Bati kinga" latosha.

6. Hazina iliyopuuzwa

Tukiyatazama makosa haya kwa pamoja tunaona chanzo kimoja. Mfasiri ametembea kati ya Kiingereza na kamusi, wala hakupita kwa watu wanaofanya kazi inayofanana na hii kwa Kiswahili. Laiti angalipita, angalikuta hazina mbili.

Ya kwanza ni ya waezekaji wa makuti. Wao huanzia upenuni na kupanda kuelekea mgongoni, na kila kuti hulilalia lililo chini yake, ili maji yaruke kutoka kuti hadi kuti bila kugusa ndani. Huu ndio msingi ule ule wa jora la lami. Mtu anayejua kuezeka makuti ya kumba au ya viungo amekwisha jua nusu ya kazi hii. Anachokosa ni kuambiwa hivyo kwa maneno yake. Kuezeka, kuezua, kupaua, upenu, makombamoyo: maneno haya yapo, yana umri mkubwa, na hayakutumika hata mara moja katika kurasa 4. Badala ya "upenu" tumepewa "ukingo wa chini wa paa", maneno matano kwa kazi ya moja.

Ya pili ni ya mafundi wa vyombo vya baharini. Hawa ndio wataalamu wetu wa kale wa kuzuia maji. Wana kitenzi cha kuziba mianya ya mbao kwa pamba na mafuta, nacho ni kukalafati. Wana deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa chini ya chombo. Hatusemi kwamba gundi ya lami iitwe deheni, maana vitu hivyo ni tofauti na jina la zamani lingeleta mchanganyiko wa zamani. Lakini kuziba tundu la msumari kwa lami ni kukalafati, na chuo cha ufundi kinachofundisha kazi hii kingefanya vyema kulitumia neno hilo.

Kuna upande mwingine wa hoja hii. Wapo wasemao kwamba msamiati wa pwani umezeeka, na kwamba fundi wa leo amezoea "gata", "kenchi" na "papi". Ni kweli, na maneno hayo yaheshimiwe. Tumeyatumia wenyewe katika makala haya. Hatutaki kufukuza neno linalofanya kazi ili kumrudisha babu yake. Tunachokataa ni neno ambalo si la mzee wala la kijana, bali limezaliwa mezani na kamusi mbili.

7. Mapendekezo

Tunawasilisha istilahi zifuatazo kwa mjadala:

Jora la lami: karatasi nene ya kuezekea, iliyolowekwa lami na kunyunyiziwa chenga za mawe, iuzwayo ikiwa imeviringishwa.
Felti: karatasi ya lami isiyo na chenga, itandikwayo chini ya ezeko.
Sitaha ya paa: mbao zilizobanana ambazo jora hulazwa juu yake.
Gundi ya lami: lami laini ya kugandishia mipandano.
Mwinuko wa paa: kipimo cha kupanda kwa paa kikilinganishwa na mlalo wake.
Mpandano: sehemu ya jora inayolala juu ya jora jingine, wa ubavu au wa ncha.
Mpishano: mpangilio wa viungo usioviruhusu vikutane katika mstari mmoja.
Bati kinga: kipande cha bati kizuiacho maji mahali paa linapokutana na ukuta, au upenuni.
Chenga: punje za mawe zilizo juu ya jora.
Lengelenge: povu la hewa au unyevu chini ya jora.

Msomaji ataona kwamba kila istilahi ina maelezo yake. Orodha za jozi, neno la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia, zimesaidia sana tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na bado zinahitajika. Lakini orodha ya jozi haiwezi kumwambia mfasiri kwamba neno moja la Kiingereza ni lami hapa na mwinuko pale. Maelezo mafupi yangemwambia.

8. Hitimisho

Twapendekeza jaribio moja jepesi kwa kila ofisi inayofasiri maelekezo ya kazi. Kabla karatasi haijapigwa chapa, fundi mmoja asomewe sentensi kwa sentensi, asionyeshwe Kiingereza, naye aulizwe: "Utafanya nini sasa?" Akisema atatafuta saruji mahali panapotakiwa lami, tafsiri hiyo imeanguka, hata kama sarufi yake haina dosari. Jaribio hilo halihitaji kamati wala fungu la fedha. Linahitaji saa moja na unyenyekevu.

Walimu wa vyuo vya ufundi wanaombwa watuletee maneno wanayoyasikia karakanani kuhusu kazi hii, hasa kwa mahali miteremko miwili ya paa inapokutana kwa nje, ambapo bado hatujaridhika na neno lolote. Neno likija na maelezo ya namna linavyotumika, na mahali lilipotoka, litapewa nafasi kabla ya lile litakalobuniwa ofisini.